Baba wa Madhabahu na Baba wa Jukwaa

Ushirombo ni mji ulioko kando ya barabara kuu itokayo Kahama kwenda Runzewe na Nyakanazi, njia ambayo malori yenye shehena za Rwanda na Burundi huipita usiku na mchana. Ni makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, katika nchi ya Wasumbwa. Zamani ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, na tangu 2012 imo katika Mkoa wa Geita. Mgeni apitaye upesi huona maduka, vituo vya mafuta na vijana waliotoka machimboni na vumbi mwilini. Si rahisi kwake kusadiki ya kuwa zaidi ya miaka 100 iliyopita mahali hapa palikuwa makao ya askofu.

Misheni ya Ushirombo ilifunguliwa mwaka 1891 na Mapadri Weupe, shirika lililoasisiwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, ambaye baadaye alifanywa kardinali. Askofu François Gerboin aliliongoza jimbo la kimisioni la Unyanyembe akiwa hapo, akafariki mwaka 1912. Kama ilivyokuwa desturi ya misheni za shirika hilo wakati ule, wengi wa watu wa kwanza kukusanywa hawakuwa wakuu wenye ngoma wala matajiri wenye ng'ombe, bali watoto waliokombolewa utumwani na watu waliopotelewa na jamaa zao. Kwa watu hawa padri alikuwa zaidi ya mwalimu wa dini. Aliwalisha, akawavika, akawaamulia ugomvi, akawagawia mahali pa kulima, akawaozesha. Mtoto asiyejua ukoo wake alipata baba, na baba huyo alikuwa mmoja kwa watu wote wa kijiji.

Baba wa namna hii alikuwa kioja. Katika nchi ile mwanamume alipimwa kwa wake na watoto, kwa mifugo, na kwa ujasiri wa safari za kubeba mizigo hadi pwani. Padri hakuwa na mke, hakuzaa, wala hakutaraji kuzaa. Alivaa kanzu nyeupe na tasbihi shingoni. Hata hivyo aliitwa baba na alitiiwa kuliko akina baba wengi. Mambo mawili yaliingia nchini kwa mlango mmoja: uanaume wa mtu aliyejinyima, na mamlaka ya mtu asiyeulizwa. Misheni ilidhani kwamba jambo la kwanza litalilinda la pili lisiharibike. Mtu aliyejinyima yote, yamkini hatamnyang'anya mwenziwe.

Tena palikuwa na sura nyingine. Lavigerie alitamani ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, akatuma watu wenye silaha kuwalinda mapadri na watu wao. Mashuhuri miongoni mwao alikuwa Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa kabla ya kuja Afrika, akaweka ngome magharibi ya Ziwa Tanganyika, akapigana na wauza watumwa, akaoa huko na kufariki huko mwaka 1927. Joubert alisali rozari na kushika bunduki, na hakuona hitilafu kati ya hivyo viwili. Basi tangu mwanzo Ukristo wa bara hili la maziwa ulikuwa na baba wawili, mmoja mwenye kulea na mmoja mwenye bunduki, na aghalabu waumini hawakuambiwa kwamba huenda siku moja wakalazimika kuchagua.

Neno lenyewe limerahisisha jambo hili. Katika Kiswahili baba ni mzazi, na ni mwenye nyumba. Padri wa parokia ni Baba Paroko, askofu ni Baba Askofu, Papa ni Baba Mtakatifu, na aliyeasisi nchi ni Baba wa Taifa. Msemaji avukaye kutoka maana moja kwenda nyingine hahitaji daraja. Julius Nyerere, Mkatoliki aliyefundisha katika shule ya Mtakatifu Maria huko Tabora katika miaka ya 1940, aliitwa Baba wa Taifa, walakini jina lililomkaa zaidi ni Mwalimu. Tofauti si ndogo. Mwalimu huulizwa swali na mwanafunzi, na ni kazi yake kulijibu, ambapo baba akiulizwa huona amekosewa adabu. Haina maana kwamba Mwalimu yule alipenda kila swali. Sheria ya mwaka 1962 ya kuwaweka watu kizuizini bila mashtaka ilikuwa ya serikali yake.

Mtu aliyeliinua neno baba jukwaani kuliko wote waliomtangulia alitoka karibu na Ushirombo. John Pombe Joseph Magufuli alizaliwa Chato mwaka 1959, akasoma kwa muda katika seminari ya Katoke, Biharamulo, akawa mwalimu wa sekondari Sengerema, mbunge tangu 1995, waziri wa ujenzi mara mbili, na rais tangu Novemba 2015 hata alipofariki Machi 2021. Siasa zake zilikuwa za namna ambayo dunia ya karne hii imeiona sana: siasa iwagawayo watu mafungu mawili, umma mnyofu upande mmoja na wakubwa walaji upande wa pili, kisha mtu mmoja husimama akasema kwamba yeye ndiye sauti ya umma wote. Siasa hizi huweza kuvaa nguo yoyote. Nchini Brazili Jair Bolsonaro alizivika Biblia na sare ya askari katika uchaguzi wa 2018. Katika nchi ya Chato na Ushirombo zilivaa kanzu ya katekesi.

Ufundi wa hotuba za Magufuli umedharauliwa na wasomi bila haki. Hazikuwa na mapambo ya ushairi wala mpangilio wa hoja, nazo zilirudiarudia. Lakini zilikuwa na nguvu ya mahubiri ya kijijini, ambayo kila Mkristo wa Kanda ya Ziwa ameyasikia tangu utotoni: mhubiri humtaja mtu kwa jina, humsimamisha, humhoji mbele ya kusanyiko, humwonya au humsamehe papo hapo, huchanganya Kiswahili na lugha ya nyumbani, hucheka, kisha hubadili uso ghafula akawa mkali. Waziri aliitwa mbele kama mtoto aliyekosa. Mhandisi aliulizwa bei ya daraja. Umma ulishangilia, kwa kuwa maisha yao yote wao ndio waliokuwa wakisimamishwa na kuhojiwa na wakubwa, na sasa waliwaona wakubwa wakitetemeka. Furaha hiyo ilikuwa ya kweli, na mhakiki asiyeielewa hana haki ya kuendelea.

Msamiati wa hotuba hizo wastahili kutazamwa kwa karibu. Maneno mawili yalizibeba: wanyonge na mabeberu. Rais alijitambulisha kuwa ni wa wanyonge. Mnyonge ni mtu asiye na nguvu, na zamani lilikuwa neno ambalo mtu hakulipenda juu yake mwenyewe. Mwanamume aliyeitwa mnyonge alitukanwa. Upande wa pili walisimama mabeberu. Siasa za kudai uhuru na za Ujamaa zilikuwa zimelizoesha neno hili kwa maana ya wakoloni na wanyonyaji wa ng'ambo, hata watu wakasahau kwamba beberu ni mbuzi dume. Magufuli, mwana wa wafugaji, alilirudishia harufu yake. Kumbe picha nzima ni ya zizini: dume la kigeni limeingia, wanyonge hawana uwezo wa kulitoa, na ni lazima awepo mwanamume wa nyumba hiyo atakayelishika pembe. Katika picha hiyo umma haufanyi kitu. Hutazama na kupiga makofi. Siasa iliyojiita ya wanyonge iliwahitaji wabaki wanyonge, kwa sababu mnyonge aliyepata nguvu hana haja ya mshika pembe.

Mwili wa mshika pembe nao ulihubiri. Katika kampeni ya 2015 mpinzani wake mkubwa, Edward Lowassa, alikuwa akisemwa kwamba afya yake ni dhaifu, na Magufuli akapiga pushapu jukwaani. Watu walicheka, wakaelewa. Alipoanza kuwafukuza kazi maofisa waliotuhumiwa, kazi hiyo ikaitwa kutumbua majipu, neno la mganga ambaye haogopi usaha. Aliitwa tingatinga, akaitwa jiwe, na hakuyakataa majina hayo. Jiwe lina heshima katika Maandiko, kwani Petro aliitwa hivyo, lakini mwamba wa Petro ni yule aliyemkana Bwana wake mara tatu usiku mmoja kisha akalia. Jiwe la jukwaani halikuwa na nafasi ya kulia. Siasa iliyojengwa juu ya mwili usiochoka ikawa haiwezi kusema kwamba mwili umechoka: mwishoni mwa Februari 2021 rais aliacha kuonekana hadharani, watu wakakamatwa kwa kueneza habari kwamba ni mgonjwa, na tarehe 17 Machi Makamu wake akatangaza kwamba amefariki kwa maradhi ya moyo.

Walakini neno lililo kubwa kuliko yote katika hotuba hizo ni sadaka. Alisema mara nyingi kwamba amejitoa sadaka kwa ajili ya Watanzania, hasa maskini, na akaomba waumini wa dini zote wamwombee. Neno ni la Kiarabu, na Waislamu hulitumia kwa kile apewacho maskini. Wakristo wamelipa kazi ya pili, kwa kuwa misa yenyewe ni sadaka, na Kristo msalabani ni sadaka. Mkatoliki aliyefunzwa katekisimu akisikia kwamba mtu amejitoa sadaka, moyo wake hupiga magoti kabla akili haijauliza. Lakini sadaka ina sheria moja ambayo hata mtoto wa Ushirombo huijua: ikishatolewa imetoka mkononi. Mtoaji hasimangi. Sadaka yenye masimango ni deni lililovaa nguo ya ibada.

Hapo ndipo ulipo ufa wa jambo zima. Mtu ambaye amekufa kwa ajili yako, au yu tayari kufa, utamwuliza nini? Utadai hesabu ya fedha? Utataka kura ihesabiwe tena? Swali lolote hugeuka utovu wa shukrani, na mkosoaji huwa msaliti, hata kabla hoja yake haijasikilizwa. Kujinyima kwa padri wa zamani kulikusudiwa kuwa lijamu ya mamlaka yake. Jukwaani kujinyima huko kulifanywa hati ya kuyaondolea mamlaka kila lijamu. Yule aliyejitoa mwenyewe hawezi kuwa mwizi, na maadamu si mwizi, mahakama za nini, na magazeti ya nini, na wapinzani wa nini? Jambo hili halikusemwa wazi namna hiyo. Halikuhitaji kusemwa.

Kwamba si la nchi moja tu huonekana jirani. Nchini Kenya William Ruto alishinda uchaguzi wa 2022 kwa kujiita mwana wa mahasla, mtu aliyetoka kuuza kuku kando ya reli, akifika makanisani Jumapili baada ya Jumapili na michango ya fedha. Mnamo Septemba 2021 Kanisa la Anglikana la nchi hiyo, chini ya Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit, lilikataza wanasiasa kuhutubia mimbarini. Tena Novemba 2024, baada ya rais kutoa mamilioni ya shilingi katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, Askofu Mkuu Philip Anyolo aliamuru fedha zirudishwe. Sadaka ikarudishwa kwa mtoaji. Tendo hilo moja lina mafundisho ya dini zaidi ya hotuba nyingi, kwa kuwa lilitambua kwamba kitu kile hakikuwa sadaka.

Katika ukanda wa dhahabu deni la namna hii lilikuwa na uzito wa pekee, na haki yataka lielezwe. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kazi mwaka 2000, na Bulyanhulu, karibu na Kahama, ulifunguliwa wakati huohuo. Wachimbaji wadogo waliokuwa wakiyashikilia maeneo walihamishwa, na watu wa vijiji walitazama ndege zikiruka na mali iliyotoka chini ya mashamba yao. Rais alipozuia makontena ya mchanga wa madini mwezi Machi 2017, na kampuni ya Acacia ikadaiwa kodi na faini za dola bilioni 190 mwezi Julai, aliyekuwa amehamishwa shambani alisikia kwa mara ya kwanza kwamba hasira yake si ujinga. Deni lenyewe halikulipwa kwa kiasi hicho. Mapatano ya Oktoba 2019 yalileta dola milioni 300 na hisa asilimia 16 za serikali katika kampuni mpya ya Twiga. Kwa wachimbaji wadogo faida iliyoshikika zaidi ilikuwa nyingine: kodi zilipunguzwa, na soko la madini likafunguliwa Geita Machi 2019, wakati Doto Biteko, mbunge wa Bukombe, alipokuwa Waziri wa Madini. Mtu aliyekuwa akiuza dhahabu kwa kujificha aliuza mchana.

Lakini hata katika duara la mchimbaji kuna swali la nani ni mwanamume na nani si mtu. Katika machimbo mengi ya wadogo mwanamke huzuiwa kushuka shimoni, kwa itikadi kwamba ataifukuza dhahabu; kazi yake ni kuponda mawe, kuosha mchanga na kupika. Na katika nchi hiyohiyo ya Kahama, mwaka 1982, lilizaliwa jeshi la jadi la sungusungu, wanaume wenye pinde na mishale walioungana kuwakomesha wezi wa ng'ombe, kwa sababu polisi na mahakama zilikuwa zimeshindwa au zimenunuliwa. Chama na serikali viliwasifu. Wezi walipungua, na wanawake wazee waliosingiziwa uchawi waliona upande wa pili wa haki hiyo ya haraka. Haki itolewayo na wanaume wema, bila hesabu wala rufaa, huwafikia kwanza wezi, kisha huwafikia wale wasio na wa kuwasemea. Wapiga kura wa 2015 katika ukanda huu walikuwa wanayajua matunda yote mawili.

Jukwaani tunda la pili lilionekana Chalinze, mwezi Juni 2017. Rais alisema kwamba katika utawala wake msichana aliyepata mimba hatarudi shuleni. Kanuni za kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la maadili zilikuwapo kabla yake, na shule nyingi za misheni nazo zilikuwa na desturi ya kuwafukuza wasichana wa namna hiyo. Kwa hiyo si kweli kwamba alibuni ukali huo. Tena sheria ya 2016 ilikuwa imeweka kifungo cha miaka 30 kwa mwanamume atakayempa mimba mwanafunzi. Alichofanya ni kuliinua jambo la ofisi ya mwalimu mkuu likawa tangazo la baba wa nyumba kuu, na likapigiwa makofi. Serikali hiyohiyo ndiyo iliyofuta ada za shule kuanzia Januari 2016 na kuwaleta darasani watoto wasiohesabika. Mlango ulifunguliwa kwa mkono mmoja na kufungwa kwa mkono wa pili, na vyote viwili viliitwa upendo wa baba.

Hapa ndipo mhakiki ana haki ya kuuliza, si kwa sheria wala kwa takwimu, bali kwa dini yenyewe iliyotajwa. Injili ya Matayo huanza habari za kuzaliwa kwa Yesu kwa msichana mwenye mimba isiyoelezeka na mwanamume mwenye uwezo wa kumwaibisha. Yosefu alikuwa mtu wa haki, na sheria ilikuwa upande wake. Hakutaka kumfedhehesha, aliwaza kumwacha kwa siri, kisha akamchukua nyumbani kwake. Katika Injili zote nne Yosefu hana hata neno moja lililoandikwa. Hubeba, huamka usiku, huhama nchi, hufanya kazi ya useremala, na hunyamaza. Kanisa limemweka kuwa mfano wa akina baba, na Papa Fransisko aliutenga mwaka mzima kwa ajili yake, tangu Desemba 2020 hadi Desemba 2021. Rais alilibeba jina la Yosefu katikati ya majina yake. Sura ya Yosefu ilikuwa karibu naye kuliko sura ya Joubert, na jukwaa likamchagua mwenye bunduki. Sababu si kukosa imani. Yosefu hafai jukwaani: hana hotuba, hana adui, na uanaume wake wote umo katika jambo ambalo majirani hawakuliona.

Mfano wa pili ni mdogo lakini wafumbua mengi. Septemba 2018, huko Meatu katika Mkoa wa Simiyu, rais aliwaambia wanawake waache dawa za kuzuia uzazi, akasema watumiao ni wavivu waogopao kulisha watoto. Msikilizaji wa haraka alisema kwamba huyo ni Mkatoliki anayerudia mafundisho ya Kanisa lake. Sivyo. Kanisa lake, tangu waraka wa Papa Paulo wa Sita wa mwaka 1968, hukataza dawa hizo kwa hoja ya maana ya ndoa, na huruhusu wazazi kupanga uzazi kwa kujizuia kwa siku maalumu. Halikusema kwamba mwenye watoto wachache ni mvivu. Hoja ya Meatu ilikuwa ya mifugo, mashamba na wingi wa taifa. Matokeo yalifanana na ya katekisimu, na sababu zilitoka kwingine kabisa. Hivi ndivyo siasa za namna hii huitumia dini: huchukua hukumu na kuacha hoja, maana hoja huweza kumgeukia msemaji.

Kanisa lilijua hivyo, angalau mara kwa mara. Mwezi Februari 2018 Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa ujumbe wa Kwaresima ulioonya juu ya kubanwa kwa uhuru na siasa za nchi, na mwezi uliofuata maaskofu wa Kilutheri wakatoa waraka wao wa Pasaka. Ugonjwa wa korona ulipofika, rais alisimama katika Kanisa Kuu la Dodoma, Machi 2020, akasema kwamba kirusi hicho ni cha shetani na hakiwezi kukaa katika mwili wa Kristo. Akatangaza siku tatu za maombi mwezi Aprili, na Juni akasema Mungu ameuondoa. Ekaristi ilifanywa ushahidi wa serikali. Januari 2021 maaskofu wa Kanisa lake waliwaandikia waumini kwamba wimbi jipya la ugonjwa limekuja na kwamba wajilinde, na mwezi Machi Padri Charles Kitima, Katibu wa Baraza, alieleza kwamba mapadri zaidi ya 25 na watawa wapatao 60 wamefariki kwa muda wa miezi miwili kwa shida ya kupumua. Barua zile zilikuwa za lugha ya upole sana. Waliomzoea tingatinga waliziona dhaifu. Lakini zilikuwa na kitu ambacho hotuba hazikuwa nacho: zilisema wazi kwamba ugonjwa upo.

Haifai kusema kwamba umma ulidanganywa. Machi 2021 watu walijazana katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, kumuaga, na polisi walitangaza baadaye kwamba 45 walikufa katika msongamano. Njiani kwenda Chato walitandika khanga barabarani gari la jeneza lipite juu yake, kama yalivyotandikwa mavazi kwa Yule aliyeingia Yerusalemu. Wengi waliotandika walikuwa wanawake. Mhakiki aonaye hapo ujinga tu hajasoma hotuba zile. Hajaona kwamba kwa watu waliozaliwa na kuzeeka bila mkubwa yeyote kuwatazama usoni, baba mkali ni bora kuliko kutokuwa na baba, kama alivyojua mtoto aliyekombolewa na kuletwa Ushirombo.

Samia Suluhu Hassan, Mwislamu kutoka Zanzibar, aliapishwa tarehe 19 Machi 2021, ambayo katika kalenda ya Kikatoliki ni sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Siku chache baadaye, katika mazishi, aliwaambia wenye mashaka kwamba aliyesimama mbele yao ni Rais, ingawa maumbile yake ni ya mwanamke. Ilikuwa kauli ya heshima, na mwezi Novemba mwaka huo serikali yake iliruhusu wanafunzi walioacha masomo, wakiwamo wasichana waliojifungua, warudi darasani. Lakini jina alilopewa na umma halikuwa la cheo chake. Aliitwa Mama. Kiti cha mzazi hakikuondolewa ukumbini. Aliyekikalia ndiye aliyebadilika, na wimbo wa shukrani ukaendelea kwa sauti nyingine. Askofu Josephat Gwajima, mhubiri aliyeingia Bungeni kwa tiketi ya chama tawala mwaka 2020, alipolaani utekaji wa watu, kanisa lake la Ufufuo na Uzima lilifutiwa usajili Juni 2025. Na Padri Kitima alishambuliwa na kujeruhiwa mwishoni mwa Aprili mwaka huo. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba ulifanyika wapinzani wakuu wakiwa nje ya karatasi ya kura, vijana waliingia barabarani, intaneti ikazimwa, na watu waliuawa. Mwezi uliofuata maaskofu Katoliki walitoa tamko la kulaani mauaji hayo. Waliokuwa wamemwandikia baba mwaka 2018 na 2021 walilazimika kumwandikia mama.